Mizunguko Iliyopungua

Saa nne kasoro dakika mbili asubuhi, Kalamu alikuwa ameshabadili viatu. Vile vya kisigino alivisukuma chini ya meza, akavaa raba, akatoka kwenda kusimama pale kwenye mashine ya maji kumsubiri Mchoraji. Kwa miaka miwili alikuwa akisimama pale kila siku ya kazi, saa ile ile, moyo ukimdunda kama msichana wa shule. Siku hiyo pia ulikuwa unadunda, ila kwa hofu. Alikuwa na swali moja la kuuliza, na jibu lake mama yake alikuwa ameshampa tangu Jumapili.

Ofisi yenyewe msiifikirie makubwa. Ilikuwa kampuni ya kutengeneza vitabu vya shule, ghorofa ya tatu, watu ishirini na wawili na viti vyao ishirini na viwili. Yeye alikuwa mhariri, na jina la Kalamu walimbandika kwa sababu ya kalamu yake nyekundu ambayo haikumwonea mtu haya, hata Mkurugenzi. Huyo Mkurugenzi ndiye aliyeanzisha mambo yote. Alikwenda kupima afya, akarudi amenuna, daktari kamwambia anakaa mno. Mtu mwingine angejirekebisha kimyakimya. Yeye wapi. Kesho yake akatangaza kwamba tangu siku hiyo kila mkutano wa watu wawili au watatu, usiohitaji kutandaza karatasi mezani, utafanyika kwa kutembea, humo humo ndani, na hakuna cha udhuru.

Watu walicheka mpaka basi. Mtunza stoo aliuliza kama na chai nayo itanywewa kwa kukimbizana. Lakini binadamu huzoea, na korido ya ghorofa ile ilikuwa kama imejengwa kwa kazi hiyo. Ilizunguka ngazi na lifti, unatoka kwenye mashine ya maji, unapita masjala, stoo ya karatasi, dirisha kubwa, chumba cha mikutano, mapokezi penye mlango wa lifti, mara umerudi ulipoanzia. Hatua mia mbili na arobaini, kona nne. Ukutani ilibandikwa karatasi ya mwezi, kila mtu na mstari wake, na kila mzunguko ulitiwa alama ya vema. Mhasibu alizitia za kwake bila kutembea, akidhani hajulikani. Chumba cha mikutano kikawa cha vumbi. Kilifunguliwa tu pale ambapo mtu alikuwa na la kuumiza la kusema, mathalani kumwachisha mwenzake kazi au kumpa habari ya msiba. Ukiambiwa karibu tukae, ujue yamekupata.

Kalamu alipangiwa kutembea na Mchoraji, yule kijana mrefu aliyechora picha za vitabu, vidole vyeusi kwa penseli toka asubuhi mpaka jioni. Ugomvi wao wa kwanza ulikuwa juu ya kuku. Mchoraji alimchora kuku wa kitabu cha darasa la pili akiwa na vidole vitatu, Kalamu akasema kuku ana vinne, kimoja kiko nyuma. Mchoraji akajitetea kwamba cha nyuma kimefichwa na majani. Walibishana mizunguko saba. Siku ya pili akaleta picha mpya, majani yamefyekwa yote, kidole cha nyuma kinakaribia kumzidi kuku mwenyewe. Kalamu alicheka hadi akashika ukuta, na hapo ndipo yalipoanza, ingawa kila mmoja alichukua miezi kukiri.

Watu wakikaa mezani wanatazamana, na wakitazamana wanaogopana. Hawa wawili walitembea ubavu kwa ubavu, wakiyatupa maneno mbele yao kama wanaoongea na korido. Katika mizunguko ile Kalamu alimsimulia habari za baba yake, aliyelala kitandani miaka tisa, mama akimgeuza, akimlisha, akimwogesha, mpaka siku alipofariki. Hakuwahi kumweleza mtu. Mchoraji hakusema pole. Alitembea tu naye mizunguko miwili kimya, na Kalamu akaona hajawahi kupewa pole kubwa kama ile. Uso kwa uso walikuwa hawajuani sana. Yeye alilijua sikio la Mchoraji la kulia lenye kovu dogo, naye Mchoraji alilijua shavu lake la kushoto lenye kishimo. Macho yao yalikutana kwenye kona tu, mtu anapogeuka, mara nne kwa mzunguko. Kalamu alizisubiri kona zile kama mwenye kiu.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo alipokosea. Mwanzoni, katika nusu saa yao, walikuwa wakimaliza mizunguko kumi na miwili. Ikaja ikawa kumi. Kalamu akaona kwenye karatasi ya ukutani, akatabasamu peke yake. Ikawa minane. Mtu wa mapokezi akawatania kwamba siku hizi wanatembea kama bwana na bibi harusi, na Kalamu usiku ule hakupata usingizi kwa furaha. Ikawa sita. Kila mwisho wa mwezi, karatasi ilipobanduliwa, aliiomba na kuiweka kwenye droo yake chini ya kamusi. Wengine wana barua, yeye alikuwa na karatasi zenye alama za vema, na kadiri alama zilivyopungua ndivyo alivyoamini anapendwa zaidi. Mwanaume yule alikuwa anaivuta njia ili akae naye. Wiki iliyopita ilikuwa minne.

Halafu ikaja Jumapili. Mchoraji alikwenda kwao Kalamu kujitambulisha, amenyoa vizuri, shati limenyooka. Mama alimpokea kwa bashasha, akampa ndala za wageni avue viatu vilivyolowa mvua. Mchoraji akavaa, akamwamkia shikamoo mama, akafuata kuelekea sebuleni. Pale kwenye kizingiti ndala ya kushoto ilimvuka ikabaki nyuma. Yeye akaendelea mpaka kwenye kochi, mguu mmoja una ndala, mwingine mtupu juu ya sakafu ya baridi, anaongea na kucheka, hana habari.

Kalamu aliona, akadhani ni aibu ya ukweni. Mama yake aliona na uso ukambadilika. Aliirudia ile ndala, akaja akainama mbele ya mgeni, akamvalisha mwenyewe. Mgeni alipoondoka, mama alikusanya vikombe kwenye trei. Kisha akasema kwamba kijana ni mzuri, ana adabu, na angempenda kama mwanawe wa kumzaa.

"Lakini baba yako naye alianza hivyo hivyo, mwanangu. Na ndala."

Kalamu alibisha, na kwa mara ya kwanza alimpandishia mama yake sauti. Akasema mvua, akasema uchovu, akasema aibu. Mama hakushindana naye. Alimwambia tu kwamba alijiapia siku ya mazishi, mbele ya kaburi, kuwa katika nyumba ile hatapatikana mwanamke mwingine wa kumgeuza mume kitandani.

Ndiyo hayo aliyokuwa nayo kifuani Kalamu, amesimama pale kwenye mashine ya maji. Saa nne ikapita kwa dakika sita. Mchoraji hakuwa mtu wa kuchelewa. Mwishowe Kalamu akamsikia kabla hajamwona, na kwa mara ya kwanza katika miaka miwili alizisikiliza hatua zake kwa masikio badala ya moyo. Mguu wa kulia uligonga sakafu. Wa kushoto uliifuta.

"Umechelewa," alisema.

"Nilikuwa kwa Mkurugenzi."

"Mmetembea?"

"Tumekaa."

Walianza kutembea kwa sababu hawakujua namna nyingine ya kuwa pamoja. Kwenye kona ya kwanza macho yao yalikutana, na Mchoraji ndiye aliyeyahamisha haraka. Walipita masjala. Walipita stoo, Mtunza stoo akawapungia mkono na kuwauliza kama leo wanatembea au wanasindikiza maiti, akacheka mwenyewe. Hakujua. Tumsamehe.

Walipofika kwenye dirisha kubwa Mchoraji alikuwa anatokwa jasho. Akaweka mkono kwenye ukingo wa dirisha kama mtu anayeangalia mvua itakuja saa ngapi. Hawakuwa wamemaliza hata mzunguko mmoja.

"Jumapili ndala ilikuvuka," Kalamu alisema.

"Najua."

"Ulijua saa ile ile?"

"Nilijua mama yako alipoinama."

Basi akamweleza yote, kwa sauti ya chini, akiangalia nje. Ni mishipa ya fahamu, imeanza kufa miguuni na inapanda. Daktari amempima mara tatu na mara tatu amesema neno lile lile. Dawa zipo za kupunguza maumivu, za kuizuia hazipo. Alijua tangu miezi minane iliyopita. Kila asubuhi amekuwa akijiambia leo nitamwambia, kisha wanaanza kutembea, Kalamu anacheka, naye anaona aiache siku ile moja tu ipite nzuri. Asubuhi hii alivuka ofisi yake kutoka mlangoni hadi mezani kwa kushikilia migongo ya viti.

Miezi minane. Kalamu alihesabu kichwani bila kutaka. Minane nyuma ilikuwa mizunguko minane. Aliziona karatasi zake zote pale chini ya kamusi, zile alama alizokuwa akizipitisha kidole jioni watu wakishaondoka, na aibu ikampanda hadi masikioni. Alikuwa amejifurahisha kwa ugonjwa wa mtu.

"Mimi nilidhani unapunguza mwendo kwa ajili yangu," alisema.

Mchoraji aligeuka akamtazama, siyo kwa jicho la kwenye kona. Alimtazama mzima.

"Kutoka kumi na miwili mpaka kumi, hiyo ilikuwa yangu. Nilikuwa naivuta njia makusudi, Kalamu, naapa. Kutoka kumi mpaka minane sijui. Nilikuwa najiambia ni mapenzi. Mpaka siku moja mvua imenikuta nje, nataka kukimbia, mguu ukakataa."

Kalamu alilia. Alilia pale pale koridoni, mchana kweupe, kalamu nyekundu imening'inia shingoni na kamba yake. Alipopata pumzi akamwambia kwamba haijalishi. Kwamba ameshamjibu mama. Amemwambia ataolewa naye hata akiwa wa kutambaa.

"Akasemaje?"

"Alilia, kisha akaenda kuosha vyombo vilivyokuwa visafi."

Mchoraji alifumba macho kidogo.

"Unajua alivyonivalisha? Alishika kifundo kwanza. Akakiegemeza gotini kwake, halafu ndiyo akaingiza vidole, kimoja kimoja, taratibu. Mtu hamshiki mgeni mguu hivyo. Mikono yake ilikuwa inajua. Nilikuwa nimekaa pale naangalia utosi wake, mvi zote zile, nikasema kumbe miaka tisa ndiyo hii." Akautazama mguu wake. "Mimi sitaki mikono yako ijue."

"Mikono ni yangu."

"Na mguu ni wangu."

Hapo Kalamu alikasirika, tena sana, maana hasira ilikuwa nyepesi kubeba kuliko lile jingine. Alimwambia anamwamulia maisha yake kama mtoto. Alimwambia mama yake hakulazimishwa na mtu, alimpenda mumewe, na hata leo picha yake anaifuta vumbi kila asubuhi kabla hajanywa chai. Alimwambia kwamba yeye hataki mwanaume mwenye miguu, anamtaka yeye. Mchoraji aliyapokea yote kichwa chini.

Alipomaliza, Mchoraji akamwambia lililobaki. Mkurugenzi amemruhusu achoree nyumbani, na nyumbani sasa ni kwa dada yake, mji mwingine, safari ya siku nzima. Dada ameshamwandalia chumba cha chini kisicho na ngazi.

"Lini?"

"Shemeji yuko chini na gari."

Kalamu hakuamini masikio yake. Akamuuliza kama alikusudia kuondoka bila kumuaga.

"Ningekusudia hivyo nisingekuja kutembea," Mchoraji alisema. "Nilitaka mzunguko mmoja. Nao umenishinda."

Upande ule wa korido hakukuwa na mtu. Simu iliita mahali fulani ikanyamaza. Kalamu aliinua mkono akamrekebisha kola, ilikuwa imekunjika upande mmoja, na vidole vyake vikakaa shingoni pale zaidi kidogo kuliko kazi ilivyohitaji. Alikuwa na maneno ya mizunguko mia. Alijua pia kwamba mwanaume yule amesimama kwa nguvu zake za mwisho, na kila neno atakalomwongezea litamchosha.

"Naomba kitu kimoja," Mchoraji alisema. "Tangulia wewe. Nenda kama tunavyokwenda siku zote. Sitaki unione ninavyofika kwenye lifti. Ukizunguka ukarudi hapa, mimi sitakuwepo."

"Na nikikataa?"

"Utaniona. Na nitabaki nakukumbuka ukinitazama hivyo."

Alikwenda. Nisiwadanganye kwamba alikwenda kishujaa, alikwenda kwa sababu mtu anayempenda alimwomba. Alipita chumba cha mikutano, alipita mapokezi na mlango wa lifti, alipita mashine ya maji, akitembea haraka, machozi yanamchirizika, raba zake zikilia juu ya sakafu. Alitaka iwe imekwisha. Masjala. Stoo. Mtunza stoo alimwona uso, akavuta mlango wake. Kalamu akafika kwenye dirisha kubwa, na kweli pale hapakuwa na mtu.

Akapinda kona, akamwona.

Alikuwa hajafika popote. Alikuwa amesimama mbele ya chumba cha mikutano, hatua ishirini tu kutoka pale alipomwacha, amempa mgongo, kiganja kimebanwa ukutani na kichwa kimeinama. Bega lake lilikuwa linapanda na kushuka. Kutoka pale mpaka kwenye lifti zilibaki hatua nyingine hamsini.

Mchoraji alizisikia raba. Kalamu aliona jinsi alivyojinyoosha, jinsi mkono ulivyotoka ukutani haraka na uso ukageukia mlangoni, kama mtu anayesoma tangazo. Mlango ule haukuwa na tangazo lolote.

Angeweza kumshika. Ilikuwa ni kunyoosha mkono tu, na angeuweka chini ya kwapa lake, wangekwenda pamoja mpaka chini, mpaka kwenye gari, mpaka kwa huyo dada. Kila kiungo mwilini mwake kilitaka hivyo. Lakini alikuwa ameombwa kitu kimoja, kimoja tu, na mtu ambaye katika miaka miwili hakuwahi kumwomba chochote. Kalamu akainamisha macho kwenye sakafu, akampita. Alisikia harufu ya penseli. Hakugeuza kichwa.

Alipoipita lifti, akaanza kupunguza mwendo.

Alitembea polepole kuliko alivyowahi kutembea. Kisigino kilitua, akasubiri, ndipo vidole vikafuata. Kwenye mashine ya maji alikunywa bilauri nzima ya maji ambayo hakuyahitaji. Mbele ya masjala alichuchumaa akafungua kamba za raba, akazifunga upya, ya kulia kisha ya kushoto, kisha ya kulia tena. Alizihesabu hatua hamsini zile za Mchoraji kwa hatua zake mwenyewe, akimpa moja kwa moja: hiyo chukua, na hiyo, pumzika, na hiyo. Hapa mwenda pole alikuwa yeye, na safari hii alijua ni kwa ajili ya nani. Stoo ilikuwa imefungwa. Dirishani hakuchungulia chini, ingawa alisikia mlango wa gari. Mzunguko ambao kwa siku zao za mwanzo waliumaliza kwa dakika mbili na nusu, ulimchukua kumi na tano.

Alipopinda kona ya chumba cha mikutano, korido ilikuwa tupu.

Ukutani, usawa wa kiuno, kulikuwa na madoa. Madoa meusi ya vidole vya penseli, yameshikana pale mlangoni, kisha jingine, kisha jingine, yakienda yakiachana mpaka kwenye kitufe cha lifti. Kalamu aliyafuata akiweka kiganja chake juu ya kila moja. Yalikuwa kumi na tisa.

Mtu wa mapokezi alikuwa amesimama nyuma ya meza yake, macho mekundu. Kwa kukosa la kusema akasema la kazi. Mkurugenzi ameulizia kile kitabu cha jiografia, ameshavaa raba zake, yuko tayari watembee.

Kalamu alijifuta uso kwa kiganja, na penseli ikamchora mstari mweusi kwenye shavu lile la kushoto.

"Mwambie leo naomba tukae," alisema.